Jengo, Jiwe na Neno: Msikiti wa Kale wa Kizimkazi Dimbani katika Historia ya Sanaa na Lugha ya Waswahili

1. Utangulizi

Historia ya lugha haipatikani katika kamusi na miswada pekee. Mara nyingine hupatikana ukutani. Katika nchi nyingi za ulimwengu, kijiji kidogo huweza kuwa na nyumba ya ibada iliyokitangulia kila kitu kingine kijijini hapo: kongwe kuliko nyumba zote zilizoizunguka, kuliko ukoo wowote unaokumbukwa kwa majina, na pengine kuliko umbo la lugha inayozungumzwa na wanaosali ndani yake. Kijiji cha Escomb, katika Durham nchini Uingereza, kina kanisa dogo la karne ya 7 lililojengwa kwa mawe yaliyochukuliwa kutoka ngome ya Warumi iliyokuwa karibu. Kusini mwa kisiwa cha Unguja, kijiji cha Kizimkazi Dimbani kina msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, mwaka ambao sehemu yake kubwa iliangukia mwaka 1107 wa Miladia.

Mhadhara huu unakusudia kulieleza jengo hilo la Dimbani kwa pande tatu. Kwanza, historia yake kama jengo lililojengwa, likaharibika na kujengwa tena. Pili, sanaa yake, hususan khati iliyochongwa katika jiwe la matumbawe. Tatu, msamiati unaolizunguka, yaani maneno ambayo Waswahili huyatumia kuzitaja sehemu za msikiti na kazi ya kuujenga. Hoja inayopendekezwa ni kwamba pande hizo tatu haziwezi kutenganishwa. Atakayeyasoma maandishi bila kulitazama jiwe, au akalitazama jiwe bila kuwasikiliza mafundi, atafikia jibu lenye upungufu kuhusu swali ambalo limewagawa wataalamu kwa zaidi ya karne moja: utamaduni huu wa pwani ni wa nani?

2. Kijiji na jengo lake

Kizimkazi ipo katika ncha ya kusini ya Unguja, jirani na Makunduchi, na imegawanyika katika sehemu mbili, Dimbani na Mkunguni. Msikiti unaojadiliwa hapa upo Dimbani, karibu na bahari. Mgeni anayeufikia kwa mara ya kwanza huweza kuupita bila kuutambua. Hauna mnara, paa lake ni la mabati, na kuta zake kwa nje hazina mapambo ya kushangaza. Kuna makaburi ya zamani kando yake, na watu wa kijiji wangali wakisali humo. Haukuwekwa kuwa jumba la makumbusho. Ni msikiti unaotumika.

Utajiri wake upo ndani, upande wa kibla. Hapo pana mihrabu iliyochimbika ndani ya ukuta, yenye nakshi za matumbawe na mikanda ya maandishi ya Kiarabu katika khati ya Kufi. Maandishi hayo yana sehemu za Kurani, na pia taarifa ya ujenzi inayomtaja kiongozi aliyeamrisha kazi hiyo, Sheikh Abu Imran, pamoja na mwaka 500. Upo pia mwaka wa pili ulioandikwa katika jengo hilohilo, nao ni 1184 wa Hijria, sawa na 1770 wa Miladia. Mwaka huo ni wa ukarabati mkubwa, na sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni ya wakati huo.

Kwa hiyo ni vyema kubainisha tangu awali kwamba Dimbani pana zaidi ya jengo moja. Pana jengo la karne ya 12, lililobaki katika maandishi na nakshi. Pana jengo la karne ya 18, lililobaki katika kuta. Na pana paa la karne ya 20. Kati ya mwaka wa kwanza na wa pili ipo miaka 684 ya Hijria. Waliojenga upya mwaka 1184 hawakuyatupa maandishi ya wazee wao. Waliyaacha katika ukuta mtukufu kuliko zote, kisha wakaongeza mwaka wao. Tendo hilo lenyewe ni aina ya uandishi wa historia.

3. Kabla ya jiwe

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba msikiti wa mawe ndio mwanzo wa Uislamu wa pwani. Uchimbaji wa kiakiolojia umeonyesha vinginevyo. Katika mji wa kale wa Shanga, kisiwa cha Pate, kaskazini mwa pwani ya Kenya, Mark Horton aliongoza uchimbaji katika miaka ya 1980 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1996. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe zilikutwa alama za misikiti iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine. Ile ya awali kabisa ilikuwa midogo, ya miti, na inakadiriwa kuanza mwishoni mwa karne ya 8. Huko Ras Mkumbuu, Pemba, nako msikiti wa mawe ulitanguliwa na jengo la miti.

Picha hii inalingana na habari za wasafiri. Al-Masudi, ambaye safari yake ya mwisho kutoka kisiwa cha Qanbalu hadi Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijria, yaani 916 au 917, aliandika kwamba kisiwa hicho kilikaliwa na Waislamu waliozungumza lugha ya Wazanji. Aidha, alilinukuu jina la cheo cha wafalme wa Wazanji kwa herufi ambazo wanaisimu wengi wamezisoma kuwa ni neno wafalme. Ibn Battuta naye, aliyepita Mombasa mwaka 1331, aliieleza misikiti ya mji huo kuwa ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi, yenye visima karibu na milango ambako watu waliosha miguu kabla ya kuingia.

Mambo mawili yanajitokeza. La kwanza ni kwamba miti haikuwa dalili ya umaskini wa imani wala ya ufundi duni. Zaidi ya karne mbili baada ya maandishi ya Kizimkazi kuchongwa, Mombasa bado ilisali katika misikiti ya mbao, na msafiri aliyeiona dunia aliisifu. La pili ni kwamba Uislamu wa pwani, tangu unapoanza kuonekana katika maandishi, unatajwa pamoja na lugha ya Kiafrika. Waliosali na waliozungumza lugha ya nchi walikuwa watu wale wale.

4. Jiwe la bahari na kazi ya mwashi

Jiwe lililotumika katika nakshi za mapema za pwani ni tumbawe la aina ya Porites, linalokatwa baharini likiwa hai. Likiwa bichi ni laini, nalo huchongeka kwa tezo na patasi; likikaa hewani na kukauka hugeuka gumu. Sifa hiyo humlazimisha fundi afanye kazi kwa mpango, maana jiwe halimsubiri. Kuta zenyewe hujengwa kwa mawe ya nchi kavu yasiyochongwa, yaliyounganishwa kwa chokaa. Chokaa nayo hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo kubwa la kuni, kisha kuyazima kwa maji na kuyaacha yaive. Paa la bapa, pale lilipokuwapo, lilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo sababu majengo ya kale ya pwani yana vyumba vyembamba na virefu, na misikiti yake mipana zaidi huhitaji safu za nguzo katikati.

Lugha ya Kiswahili imeihifadhi historia hiyo katika vitenzi vyake. Waswahili wana kitenzi kujenga, kinachotumika kwa ujenzi wa kila namna. Lakini wanacho pia kitenzi kingine, kuaka, chenye maana ya kujenga kwa mawe na chokaa. Kutokana na kitenzi hicho hupatikana nomino mwashi, fundi wa kujenga kwa mawe, na uashi, kazi yake. Mwanafunzi wa mofolojia atatambua mara moja utaratibu unaohusika. Kiambishi cha mtendaji -i hubadilisha k ya mzizi kuwa sh: pika hutoa mpishi, andika hutoa mwandishi, na aka hutoa mwashi. Huo ni utaratibu wa Kibantu, tena wa zamani, na haukuazimwa kutoka bandari yoyote.

Uzito wa ushahidi huu haufai kupuuzwa. Kama sanaa ya kujenga kwa mawe ingeletwa na wageni peke yao, ikafanywa na wageni peke yao, ingetarajiwa kwamba jina la fundi na la kazi yake nayo yangekuwa ya kigeni, kama yalivyo maneno injini au betri katika karakana za leo. Hali siyo hiyo. Neno la kazi ya mawe limezaliwa ndani ya lugha, kwa kanuni za lugha, na limeishi humo kwa muda mrefu kiasi kwamba wasemaji hawalioni tena kuwa ni la kitaalamu.

5. Khati ya Kufi na njia ya Siraf

Maandishi ya Kizimkazi yalianza kujulikana nje ya Zanzibar kupitia kitabu cha Francis Pearce kilichotolewa mwaka 1920. Mtaalamu wa khati za Kiislamu, Samuel Flury, aliyachambua na kuuchapisha uchambuzi wake mwaka 1922. Flury alionyesha kwamba khati hii si Kufi ya kawaida iliyo kavu na yenye pembe tupu. Ni Kufi iliyopambwa: miisho ya herufi huchipua kama majani, na nguzo za herufi ndefu husukwa na kufungwa mafundo kabla ya kufika ukingo wa juu wa mkanda. Mchongaji hakuandika tu. Aliigawa nafasi, akaujaza utupu wa juu wa mstari kwa matawi, na kuyafanya maneno yawe pambo bila kuyapoteza.

Ndugu wa karibu wa khati hii wanapatikana Siraf, bandari ya Ghuba upande wa Uajemi, ambayo ilichimbwa na David Whitehouse kati ya 1966 na 1973. Mawe ya makaburi ya Siraf yana mtindo wa Kufi wenye kufanana sana na ule wa Kizimkazi. Siraf ilikuwa mojawapo ya bandari kubwa za karne ya 9 na ya 10. Tetemeko la ardhi la mwaka 977 liliidhoofisha, na biashara ikahamia polepole sehemu nyingine. Wafanyabiashara na mafundi wa Ghuba walitawanyika katika bandari nyingine za Bahari ya Hindi, na sanaa yao ikasafiri nao.

Hata hivyo, ni muhimu kutofautisha mtindo na nyenzo. Mtindo wa herufi unaelekea Siraf. Jiwe ni tumbawe la bahari ya pwani hii. Mtu aliyechonga, awe mgeni aliyekuja na pepo za kaskazi au mwenyeji aliyejifunza kwa mgeni, ilimbidi alijue jiwe hili: wakati wa kulikata, kiasi cha kulikausha na kina cha patasi linachoweza kustahimili. Ujuzi huo ulipatikana hapa. Kwa maana hiyo, mihrabu ya Kizimkazi ni kazi ya mikono iliyokutana.

Jambo jingine linalowahusu wanafunzi wa lugha ni hili. Lugha ya maandishi ni Kiarabu, siyo Kiswahili. Barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, ambazo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha hii yaliyopo na yenye tarehe, zilitoka Kilwa katika miaka ya 1711 hadi 1728 na zimehifadhiwa Goa. Kati ya maandishi ya Dimbani na barua hizo kuna takriban miaka 600. Katika muda huo wote, pwani iliandika Kiarabu juu ya mawe na kuzungumza lugha yake yenyewe chini ya paa. Kutokuwapo kwa Kiswahili ukutani si ushahidi wa kutokuwapo kwa Waswahili msikitini. Vivyo hivyo, makanisa ya Ulaya ya zama hizo yaliandikwa kwa Kilatini, na hakuna anayesema kwamba waumini wa Escomb walikuwa Warumi.

6. Msamiati wa jengo

Kama jengo lenyewe lina tabaka, basi na msamiati wake una tabaka. Tabaka la kwanza ni la Kibantu: ukuta, mlango, nguzo, jiwe, paa. Haya ni majina ya mwili wa jengo. Tabaka la pili ni la Kiarabu: mihrabu, mimbari, kibla, adhana, khutba, nakshi. Haya ni majina ya ibada na pambo. Lipo pia tabaka jembamba la Kiajemi, ambalo neno dirisha ni mfano wake. Aliye juu ya yote anayeabudiwa humo huitwa Mungu, neno la Kibantu ambalo karne zote za Kurani na khutba hazikuling'oa.

Baadhi ya maneno ya mkopo yana mafunzo ya pekee. Neno sakafu limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya paa. Katika Kiswahili limekuwa na maana ya sehemu ya chini ya chumba inayokanyagwa. Mtu asiyejua uashi wa pwani ataona maana imepinduka kichwa chini. Anayeujua ataelewa kwamba tandiko la chokaa na kokoto lililopigwa juu ya boriti ni paa kwa aliye chini na ni mahali pa kukanyaga kwa aliye juu. Waswahili waliipa jina ile kazi ya fundi, kisha matumizi yakashuka hadi ardhini.

Neno kibla nalo limepata maana ya kijiografia. Katika nchi nyingi za Kiislamu kibla huelekea pande mbalimbali: kutoka Siraf ni magharibi kuelekea kusini, na kutoka Cairo ni kusini mashariki. Kizimkazi na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, kiasi kwamba kibla cha Dimbani ni kaskazini kwa hakika. Kwa ajili hiyo, katika matumizi ya pwani, upande wa kibla umekuja kuwa na maana ya upande wa kaskazini hata kwa mtu asiyesimama kusali. Ukuta wa msikiti umekuwa dira ya lugha.

7. Neno msikiti, kutoka pwani hadi nchi za maziwa

Neno lenyewe la msikiti linastahili kutazamwa kwa makini. Asili yake ni Kiarabu masjid, mahali pa kusujudu. Katika Kiarabu, silabi ya kwanza ni kiambishi kinachounda majina ya mahali, kile kile kinachoonekana katika madrasa na maktaba. Lakini Kiswahili kimeyatendea maneno haya kwa njia mbili tofauti. Madrasa na maktaba yamepokewa yakiwa mazima: silabi ma- haibanduki, na wingi wake ni maktaba zile, madrasa zile. Msikiti, kinyume chake, umevunjwa na kuundwa upya. Silabi ya kwanza imefasiriwa kuwa kiambishi cha ngeli, neno likaingia pamoja na mti, mlango na mkono, na wingi wake ukawa misikiti. Sauti j ya Kiarabu nayo haikubaki j, kama ilivyobaki katika Ijumaa na jamaa. Imekuwa k, na katika baadhi ya lahaja g, yaani msigiti. Ikumbukwe kwamba sauti hiyo hutamkwa g nchini Misri na katika baadhi ya lahaja za Yemen na Oman hadi leo. Tofauti hizi zinaashiria kwamba neno msikiti liliingia kwa njia nyingine au katika zama za mapema zaidi kuliko maneno ya shule na vitabu, na kwamba lilikaa vinywani mwa watu wa kawaida muda mrefu wa kutosha kulainishwa na kanuni za Kibantu.

Umbo hilo lililolainishwa ndilo lililosafiri. Mwanafunzi anayetoka Nyamigogo, katika eneo la Ngara na Biharamulo, amezaliwa takriban kilomita 1,000 kutoka Dimbani. Huko hakuna msikiti wa karne ya 12 wala kanisa la mawe la zama hizo. Nyumba za kale zilikuwa za msonge, za miti na nyasi, na hazikukusudiwa kudumu karne nyingi. Hata hivyo, akisikiliza lugha zinazolizunguka eneo lake ataisikia pwani. Katika Kirundi na Kinyarwanda msikiti huitwa umusigiti. Katika Kiganda ni omuzikiti. Maneno hayo hayakutoka moja kwa moja katika Kiarabu, kwa kuwa yamekwisha kubeba alama ya Kiswahili: silabi ya kwanza tayari ni kiambishi cha ngeli, na j tayari imekuwa k au g. Neno kanisa nalo lilifuata njia hiyohiyo. Limetoka katika Kiarabu, na nyuma ya Kiarabu lipo neno la Kiaramu lenye maana ya mkusanyiko wa watu. Kiswahili kikalipokea, na Kiganda kikalichukua kama ekkanisa. Hivyo hata Mkristo wa nchi za maziwa huiita nyumba yake ya ibada kwa neno lililopita katika vinywa vya Waislamu wa pwani.

8. Nani aliyejenga?

Wenyeji wa kusini mwa Unguja, kama watu wengine wengi wa pwani, wamejinasibisha kwa muda mrefu na Shirazi. Waandishi wa zama za ukoloni waliyachukua masimulizi hayo kwa maana ya juu juu. Kwao, kila jiwe lililochongwa lilikuwa la Mwajemi au Mwarabu, na Mwafrika alikuwa mbeba mawe. Baada ya uhuru, wataalamu wengi waliipinga picha hiyo. Derek Nurse na Thomas Spear mwaka 1985, kisha Nurse na Thomas Hinnebusch mwaka 1993, walionyesha kwa ushahidi wa sauti na mofolojia kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, na kwamba maneno ya mkopo hayakubadilisha kiunzi chake.

Mwaka 2023 mjadala huu ulipata data mpya. Uchunguzi wa chembe za urithi za watu waliozikwa katika miji ya pwani kati ya takriban mwaka 1250 na 1800, wakiwemo wa Mtwapa, Manda na Kilwa, ulichapishwa katika jarida la Nature. Ulionyesha kwamba watu wengi kati yao walikuwa na asili mchanganyiko: kwa upande wa mama hasa Waafrika, na kwa upande wa baba kwa kiasi kikubwa watu kutoka Asia, Waajemi wakiwa wengi. Mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000. Wapo walioupokea uchunguzi huo kama ushindi wa masimulizi ya Shirazi, na wapo walioukataa kwa hofu hiyo hiyo.

Msikiti wa Kizimkazi unafundisha njia ya wastani. Mwaka 1107 ni takriban karne moja tu baada ya wakati ambapo mchanganyiko huo unakadiriwa kuanza, na khati yake inaelekea pwani ya Uajemi kama zinavyoelekea baadhi ya chembe za urithi. Basi masimulizi ya wazee hayakuwa uzushi mtupu. Lakini watoto waliozaliwa katika nyumba hizo walilelewa na mama zao, na lugha waliyoipata ilikuwa ya mama. Katika Makunduchi jirani, mwaka wa jua wenye asili ya Kiajemi, Nairuzi, bado unasherehekewa kwa Mwaka Kogwa. Na lahaja ya hapo, Kimakunduchi, ni miongoni mwa lahaja za Kiswahili zilizohifadhi sifa nyingi za Kibantu zilizopotea katika Kiswahili sanifu. Sikukuu na lahaja zimekaa katika kijiji kimoja bila kugombana. Wanaogombana ni wataalamu.

9. Masimulizi ya Kizi

Wenyeji wanayo historia yao ya jengo hili, nayo imeshikamana na jina la mahali. Husimuliwa kwamba palikuwa na mfalme aitwaye Kizi na fundi wake wa mawe aitwaye Kazi. Kazi alipoumaliza msikiti, mfalme aliamuru akatwe mkono asije akajenga mwingine wa kuufananisha. Baadaye maadui walipokuja, Kizi aliomba dua na nyuki wakatokea wakawafukuza. Waliporejea mara ya pili akaomba tena, na pango likafunguka, akaingia, likajifunga nyuma yake.

Kisa cha mjenzi anayeharibiwa ili asirudie kazi yake husimuliwa katika nchi nyingi, Urusi ikiwa mojawapo, kwa hiyo si lazima kukichukua kama taarifa ya tukio. Thamani yake ipo kwingine. Maandishi ya ukutani yanamkumbuka aliyeamrisha, na hayamtaji fundi. Masimulizi ya kijiji yanampa fundi jina, tena jina lenye maana ya kazi yenyewe, na yanamlaumu mfalme. Jiwe limetunza upande mmoja wa historia, na mdomo umetunza upande wa pili.

10. Hatari ya leo

Jengo linalotumika huchakaa kwa namna mbili: kwa hewa na kwa mapenzi. Chumvi ya bahari huingia katika tumbawe na kulibomoa punjepunje. Mapenzi ya waumini nayo huleta rangi mpya juu ya rangi ya zamani, hadi kina cha herufi kinajaa na majani ya Kufi yanakuwa uvimbe tu. Saruji ni hatari zaidi. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Ukizibwa kwa saruji, unyevu hubaki ndani, chumvi hukusanyika, na uso wa jiwe hubanduka. Fundi anayeukarabati ukuta wa kale kwa saruji huweza kuuharibu katika miaka michache kuliko mvua ya karne nzima.

Ipo hasara nyingine isiyoonekana kwa macho. Chokaa inapoachwa, maneno yake nayo huachwa. Vijana wengi wanaojua kujenga hawalijui tena neno kuaka, na mwashi amekuwa fundi tu. Majina ya hatua za kuchoma chokaa, ya ukubwa wa mawe, ya namna za kujaza nyufa na ya vyombo vya kuchongea yamo vichwani mwa wazee wachache wa pwani na visiwani. Kamusi zilizopo zimeyanasa baadhi, mara nyingi bila maelezo ya kazi yenyewe. Kuyakusanya kunahitaji mtafiti aketi karibu na tanuri, aulize, na aandike kila neno pamoja na tendo lake. Ni kazi ya isimu, na pia ni kazi ya hifadhi. Mkarabati asiyejua jina la tabaka la chokaa huenda asijue kwamba tabaka hilo lipo.

11. Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kwamba msikiti mdogo wa kijiji huweza kubeba ushahidi mkubwa. Khati yake inaelekeza Siraf, tumbawe lake linaelekeza bahari ya Unguja, kitenzi cha ujenzi wake kinaelekeza Sabaki, na jina lake limefika hadi Burundi, Rwanda na Uganda. Hakuna ushahidi hata mmoja kati ya huo unaobatilisha mwingine. Waliojenga upya mwaka 1184 walilifahamu hilo: waliuacha mwaka 500 mahali pake na kuandika wa kwao. Kizazi cha sasa hakina haja ya kuchonga mwaka wake ukutani. Kinachotakiwa ni kuziacha herufi zisomeke, na kuyaandika maneno ya waashi wangali hai wa kuyatamka.